Honi ya Kuagia

Magari ya siku hizi hayana mlio wa honi. Ukibonyeza honi, au ukimwashia mwenzako taa, gari hutangaza kwa sauti yako mwenyewe ulicho nacho moyoni.

Mchana ule, kwenye ukungu wa barabara ya Tukuyu, Lugano alikwama nyuma ya gari jeupe lililokuwa likitambaa. Akabonyeza honi kwa hasira, akalipita.

Hata viatu alikuwa hajavua gari lile lile lilipoingia uani kwake. Akashuka baba mkwe wake.

"Shikamoo, baba," alisema Lugano, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Ukungu mzito leo, nimekuja polepole."

"Baba, ile honi kule mlimani... sikujua kama ni wewe."

"Honi gani tena? Hebu tunywe chai."

Mzee alikunywa, akataniana na binti yake Tusekile, akayasifu hata maandazi. Lugano alikoroga chai yake bila kuinywa. Masikioni mwake bado ilivuma sauti yake mwenyewe: "Kizee hiki kinangoja nini kufa?"

Wakati wa kuondoka, Tusekile alitangulia getini. Tangu aolewe, baba yake hakuwahi kutoka pale bila kubonyeza honi, na kila mara ilisema, "Nimemwacha mwanangu katika mikono salama."

Leo mzee alipunga mkono tu, akitabasamu, gari likapotelea kwenye ukungu.

"Mbona baba hajapiga honi?" aliuliza Tusekile.

Lugano alishika komeo la geti, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena.