Mafuta Vidoleni

Jemadari wa Wakitani alikata kipande cha kwanza cha kondoo, akakiweka mbele ya mtawa wa Kibuddha Myoan, mjumbe wa mfalme wa Koryo.

Wote hemani wakamtazama. Tangu anyolewe nywele na kuingia utawa, Myoan hakuwahi kuonja nyama. Lakini jeshi la Wakitani lilikuwa limepiga kambi ng'ambo ya mto, na yeye ndiye aliyetumwa kuliomba lisivuke.

"Kula, bwana!" karani wa mfalme aliyefuatana naye alimnong'oneza. "Hawa washenzi ukiwakatalia chakula, tumekwisha."

Myoan alikula. Mafuta yalimchuruzika vidoleni. Nyama ilikuwa tamu, akalamba mfupa.

Alipoinua macho, jemadari alikuwa amemkodolea macho.

"Mheshimiwa, mbona umekula? Kwetu mgeni anaheshimiwa kwa kipande cha kwanza. Anakigusa tu, halafu anaturudishia tugawane."

Karani akainama, akajifanya anafunga kiatu.

Hapo pazia likafunuliwa, akaingia bibi kizee mwenye tasbihi shingoni, amebeba bakuli la uyoga na maharage kwa mikono miwili.

"Huyu ni mama yangu," jemadari alisema, sauti imemshuka. "Chakula chako amekipika mwenyewe, kwa chungu kipya kisichojua nyama. Tangu asikie mtawa anakuja, hatupumui. Anataka umbariki."

Bibi hakuwa ameona kitu. Aliweka bakuli chini, akapiga magoti, akainamisha kichwa chake chenye mvi, akasubiri mkono wa mtawa.