Kumbukumbu Moja kwa Watatu

Kanuni za mashindano ya programu baina ya vyuo vikuu zilikuwa wazi: timu moja, watu watatu, kompyuta moja, kumbukumbu moja. Kwa saa tano vichwa vyao huunganishwa, kisha majaji huwagawia upya kumbukumbu zao, na mgao huo hauna rufaa.

Nyamizi alirudi nyumbani na maputo saba, moja kwa kila swali walilolipatia. Mama yake alimkumbatia, akapakua ugali na mlenda.

"Mbona sahani ya baba siioni?" Nyamizi aliuliza. "Leo anachelewa kazini?"

"Acha utani wako, mwanangu. Huu mwaka wa sita tangu tumzike."

Nyamizi alichukua sahani nyingine, akaiweka mezani. Alimkumbuka vizuri baba akimpigia shati pasi asubuhi ile ile.

Simu ikaita. Alikuwa baba yake Mbwilo, mwenzake wa timu.

"Binti, mmemfanya nini mwenzenu? Niko naye hapa sebuleni, ananililia kama marehemu. Hataki hata nimguse."

Nyamizi aliitambua sauti ile, na moyo wake ukatulia.

"Baba," alisema, "njoo basi, chakula kinapoa."