Mvuke wa Kukinga

"Wewe mwenyewe umefika huko?" mteja, mama wa Kizanzibari, alimuuliza Dorah, akigonga picha ya volkano ya Hawaii kwa ukucha wenye hina.

Bosi alishawaagiza wote pale kwenye ofisi ya safari za utalii, Oud Metha, huku ughaibuni: ukiulizwa, sema umefika.

"Nimefika, mama." Dorah alitii.

"Basi nihadithie, mwanangu. Picha nimeshaziona."

Dorah akaanza na fukwe za mchanga mweusi na mahekalu ya mawe ya wafalme wa zamani. Alipofika kwenye kreta, lile shimo la volkano, maneno yakamtoka yenyewe. Mvuke unafuka ardhini alfajiri, unanuka kama yai viza. Akina mama wanauelekeza kwenye mabomba, unapoa, unageuka maji, tone kwa tone, na watoto wanakinga mitungi kabla ya kwenda shule.

Ukucha uliacha kugonga.

"Huko si Hawaii."

"Hapana, mama. Ni kijijini kwetu, Eburu."

"Mara ya mwisho uliyanywa lini hayo maji?"

Nyuma ya Dorah kiti cha bosi kililia, bosi akiinuka, lakini mkono wa Dorah tayari ulikuwa ukipapasa mkoba chini ya meza, kama wa mtu anayerudi kwao.