Onja Vizuri, Dada

Walipomwingiza mwonjaji chai ghalani, mchuuzi alikuwa ameshang'olewa meno ya mbele. Alifungwa kwa waya kwenye kiti cha chuma, damu imemgandia shatini, jicho moja limevimba hadi likafumba. Alipomwona mwanamke yule mlangoni, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Mnajuana?" aliuliza Shoka. Ndivyo walivyomwita, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

"Simjui!" mchuuzi aliwahi kujibu. "Sijapata kumtia machoni."

Shoka akamgeukia mwanamke. Watu wake walikuwa wamemkamata mchana kweupe, nje ya kampuni ya chai alikoajiriwa, akiwa bado na aproni yake ya kazi.

"Nimeambiwa kuna chai ya kuonja," mwanamke alisema. "Iko wapi?"

Shoka akacheka. "Huyu nampenda. Hana porojo." Akasukuma kopo la bati juu ya meza. "Huyu bwana kaniuzia hii. Oolong ya Kichina, eti imeota juu ya majabali, chai ya wafalme. Nikaipeleka zawadi kwa mkubwa wangu. Akaitema mbele ya wageni. Akaniuliza tangu lini anapewa majani ya kufukizia mbu. Watu wakacheka, dada. Wakanicheka mimi."

Akaokota kipande cha nondo na kumgonga nacho mchuuzi gotini, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi. Mfupa ukaalika. Mchuuzi alipiga yowe hadi njiwa wakaruka darini.

"Ikiwa halisi," Shoka aliendelea, "nitamwomba radhi na kumpeleka hospitali mwenyewe. Ikiwa bandia, hatoki."

"Dada," mchuuzi alisema, akihema, mate mekundu yakimchuruzika kidevuni. "Onja vizuri, dada yangu. Maisha yangu yako mdomoni mwako."

"Usijali, kaka."

Akaomba maji yanayochemka na bakuli jeupe lenye kifuniko. Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimefungwa pamoja kwa bendeji.

"Watu wangu ndio waliokuumiza?" Shoka akauliza, uso umemkunjamana.

"La. Nilikuja hivi."

Mchuuzi akatazama sakafu.

Mwonjaji alinusa kwanza majani makavu, marefu, meusi, yaliyojisokota. Maji ya kwanza akayamwaga. Hayo yalikuwa ya kuosha tu. Akamimina ya pili, akafunika, akangoja. Alipofunua, harufu ikapanda: maua, kisha moshi wa mkaa, kisha jiwe lililonyeshewa na mvua. Ghala lililonuka damu na mafuta ya mashine likabadilika. Hata mlinzi wa mlangoni aliinua pua.

Akavuta funda kwa kelele, kama wafanyavyo watu wa kazi yake, akalizungusha juu ya ulimi, akalitema ndooni. Uchungu kidogo tu, halafu utamu ukarudi polepole kutoka kooni. Akakunjua jani moja lililolowa: katikati kijani, pembeni jekundu. Tangu aianze kazi hii hakuwahi kuonja chai halisi kuliko hiyo. Kopo kama lile watu hulifungia kwenye sefu.

"Huyo mkubwa wako," akauliza, "mlimpikiaje?"

"Mpishi aliipika kama chai. Maziwa, sukari, ikatokota weee mpaka ikaiva."

Mchuuzi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechungulia kaburi akarudi. Kumbe ni hilo tu, chai nzuri imeharibiwa jikoni! Akamkazia macho mwanamke, akingoja aseme.

Mwonjaji akapangusa midomo.

"Bandia," alisema. "Makapi ya kiwandani. Yametiwa manukato."

Mchuuzi akafurukuta hadi miguu ya kiti ikakwaruza sakafu. "Anadanganya! Anadanganya, Shoka! Huyu namjua, huyu ni..."

"Ulisema humjui."

Shoka alichota majani kopo zima kwa mikono miwili akamshindilia mdomoni, akasukuma kwa kidole gumba mpaka mashavu yakatuna na damu ikachanganyika na majani. "Kula. Si chai ya wafalme?" Mchuuzi akawa anakoroma, jicho lake zima limemtoka, halimwachi mwanamke.

Yeye alikuwa anafuta bakuli.

"Una hakika, dada?" Shoka aliuliza, nondo imeshainuka. "Mimi nikianza sirudi nyuma."

"Ulimi wangu haujawahi kuniangusha."

Alikuwa amefika uani nondo iliposhuka. Alisikia pigo la kwanza na la pili. Baadaye mapigo hayakuwa tena na sauti ya mfupa. Yalikuwa kama mtu anayetwanga kitu kilicholowa. Kisha likasikika bomba la maji likifunguliwa. Mlinzi alimfungulia mlango wa gari, akashindwa kumtazama usoni.

"Pole, dada," alinong'ona. "Kazi gani hii umefanyishwa."

"Nipeleke nyumbani," alijibu.

Wakamshusha kwenye kona ya mtaa wake, jua likiwa bado juu. Akafungua mlango kwa ufunguo, akaingia, akasimama. Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha mtu aliyejificha.

"Mama?" Sauti ndogo ilitoka chini ya kitanda. "Baba yuko nyuma yako?"

Akapiga magoti, akanyoosha mkono ule wenye bendeji gizani.

"Toka, mwanangu," alisema. "Baba yako nimemwacha ghalani."