Bibi Harusi Mlangoni

Nguruwe mwitu wote walikuwa ndani ya zizi la mtego wakibugia mahindi yaliyochachuka, wote isipokuwa mmoja, na mwanamke aliyeshika kamba ya lango bado hakuivuta.

"Vuta, shemeji," mkulima alinong'ona kando yake kichakani. Nusu ya viazi vyake ilikwisha kufukuliwa, na nusu iliyobaki ndiyo chakula cha wanawe. "Unangoja nini?"

"Namngoja Bibi Harusi."

Ndivyo mwanamke huyo, mke wa kaka yake, alivyombatiza yule jike mwenye sikio lililochanika, maana katika picha zote za kamera waliyoifunga mtini, yeye alifika wa mwisho. Sasa alisimama nje ya lango, akinusa.

"Lango likianguka yeye akiwa nje, hatagusa chambo tena. Atazaa wengine, awafundishe."

"Hata kaka hujawahi kumsubiri hivi."

"Kaka yako hana akili kama za huyu."

Mkulima aliuma kiganja asicheke. Ndipo akamwona mbu juu ya kidole kilichoshika kamba. Alinyonya taratibu, tumbo likavimba, likawa jekundu, na kidole hakikutikisika. Kila asubuhi mkulima alimwomba Mungu subira; leo alikuwa akiiona kwa macho.

Bibi Harusi alitia mguu mmoja ndani, akaurudisha. Akageuka kutazama alikotoka. Kisha akaingia mzima mzima.

Mbu akaruka.