Risasi Katika Kopo la Ugoro

Mwanaisha alimwaga risasi mezani kwa Mzee Mbaruku, fundi wa bunduki. Alizikuta kwenye kopo la ugoro la marehemu baba yake, yeye na ndugu zake walipokuwa wakigawana mirathi.

“Za bastola ya kizamani,” mzee alisema. “Kichwa bapa, kina mfereji ubavuni. Katika mji huu sijawahi kuziona.”

Mwanaisha aliishika hirizi yake shingoni, akaipasua kwa wembe. Ndani baba alikuwa ameshona kichwa cha risasi iliyomuua mama, ili kimkinge mwanawe na majambazi walewale.

Kilikuwa bapa, na mfereji ubavuni.

“Hii ndiyo majambazi waliyomuulia mama,” alisema.

“Nani alikwambia ni majambazi, mwanangu?” mzee aliuliza.

Shingoni mwa Mwanaisha ulibaki uzi mweusi, ambao kila Idi baba aliubadilisha kwa mkono wake, kisha akambusu kisogoni.