Lami Isiyopikwa

Mzigo wa kwanza wa kuni Bibiana aliutupa katikati ya barabara ya Tongoni. Akarudi, akaleta wa pili, akautupa juu yake. Wa tatu ulianguka karibu kabisa na vidole vya nyapara Turki.

"Una wazimu, mama?" Turki alifoka. "Watu wako kazini!"

"Na mimi niko kazini. Miaka mitano nawaletea kuni za kuchemshia lami. Leo nafika naambiwa hazitakiwi. Kwa nini?"

Vibarua waliegemea makoleo yao wakacheka. Walikuwa wageni kama Turki mwenyewe, aliyekuja nao kutoka Mkwaja wiki moja iliyopita, na mwanamke mwenye hasira kwao alikuwa burudani ya bure.

Turki hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba lami mpya ilikuwa imempanda kichwani, akiisifu asubuhi na jioni kama mtu aliyeoa juzi. Alimwita Bibiana kwenye pipa lililofunguliwa.

"Tazama. Hii haipikwi ng'o! Unaichanganya na kokoto vivi hivi, baridi, unamwaga, unashindilia. Haina moshi, haili kuni. Hata mikoko mnayoikata kuni sasa itapumzika na mapanga."

Ndani ya pipa mlikuwa na kitu chepesi, rangi ya chai ya maziwa. Mtu asiyejua angesema wamedanganywa. Lakini pale kilipomwagwa juu ya kokoto, kilikaa kidogo kikageuka cheusi tititi.

Bibiana akatumbukiza mkono hadi kiwiko. Vibarua wakapiga ukelele, wote kwa pamoja, maana walizoea lami ya moto. Mkono ukatoka mzima, unachuruzika.

"Ni baridi," alisema.

"Si nilikwambia?" Turki alitabasamu. "Usihuzunike, mama. Nitakupa kazi ya kubeba kokoto."

"Sitaki kazi yako! Nataka kujua imefika lini."

"Mimi nimeikuta stoo. Muulize Zubeiri."

Zubeiri, mtunza stoo, alikuwa amejibanza nyuma ya lori tangu aliposikia sauti ya Bibiana. Alitoka ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Noa."

Bibiana hakuitika. "Lami hii imefika lini?"

"Desemba. Kabla ya Krismasi yenu."

"Leo ni Mei! Mkakaa nayo stoo, huku mnachoma kuni zangu?"

"Bwana mkubwa alisema tumalize kwanza ile ya kupika. Si mimi niliyeamua, wallahi. Na hii ikilala sana inaganda chini, kwa hiyo kila Jumamosi mapipa yote yalikuwa yanaviringishwa."

"Nani aliyaviringisha?"

"Mama Noa, tafadhali..."

"Nani?"

"Noa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa Machi."

Turki alichoka. Jua lilikuwa linapanda, barabara imezibwa, na yote haya kwa ajili ya kuni! "Basi huyo Noa ndiye mwenye maelezo," alisema. "Mwiteni aje amweleze mama, tuendelee na kazi."

Vibarua walitazamana. Hawakumjua. Zubeiri alifunika uso kwa mikono.

Bibiana akamgeukia nyapara. Lami ilikuwa imeshakauka mkononi mwake, nyeusi hadi kiwiko.

"Kamwite mwenyewe," alisema, "kwenye makaburi ya misheni. Pipa la lami ya moto lilimpasukia mwanangu Aprili. Tulimzika nayo usoni, maana kila tulipojaribu kuibandua ilitoka na ngozi."